Mazoezi ya basketi: mistari kwanza au mpira kwanza?

Kila ligi za mikoa zikikaribia ubishi ni ule ule, timu ianze na pumzi au ianze na mpira. Makocha wa zamani, wengi wao wamecheza timu za majeshi au wamesoma enzi mchakamchaka ukiwa mchakamchaka kweli, kwao wiki mbili za mwanzo mpira unakaa kwenye begi, watu wanakimbia mpaka miguu igome halafu ndo tuongee habari za basketi. Makocha vijana wamejifunzia mtandaoni, wao kila kitu koni, mchezaji mmoja anadribo mipira miwili kwa wakati mmoja, krosiova (kuuhamisha mpira ghafla mkono mmoja kwenda mwingine) kwa wingi, ukiwaambia wakimbize watu mistari wanakuona umepitwa na wakati. Sitaki kumcheka mtu hapa, kila upande una hoja, ila ukizileta hizo hoja kwenye viwanja vyetu wenyewe, sakafu ya saruji, jua la saa kumi, mpira mmoja mzima na mwingine unavuja upepo, kuna upande unaanza kuyumba.

Tuanze na mistari, ile wengine wanaiita suisaidi. Unatoka mstari wa nyuma unakimbia mpaka mstari wa fri throo (ule wa kupigia mitupo ya bure) wa karibu, unagusa unarudi, unaenda katikati unarudi, fri throo ya mbali unarudi, mwisho wa uwanja unarudi. Uwanja kamili wa FIBA, shirikisho la basketi la dunia, ni mita 28 kwa 15 na mstari wa fri throo uko mita 5.8 kutoka nyuma, ukijumlisha yote unapata mita 140 na kugeuka mara 7, mchezaji mwenye uzoefu anamaliza kwa nusu dakika hivi. Piga kumi na tayari umekula kilomita 1.4 ya kuchomoka, kufunga breki na kugeuka.

Uzuri wake uko wazi. Hauhitaji mpira hata mmoja, watu 15 wanafanya kwa pamoja hakuna anayesubiri zamu, na zaidi ya yote hakuna kutegea, aliyechoka anaonekana, aliyekuwa anadanganya kwamba anakimbia asubuhi nyumbani kwao anaumbuka mbele ya wenzake. Kocha akiona mtu kabaki nyuma mita kumi hana haja ya kuuliza swali. Hiyo si faida ndogo, na wale wa koni huwa wanaipita kama hawaioni.

Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa 1995, waliwafuatilia wachezaji wa ligi kuu ya kule wakiwa mechini, wakarekodi mienendo yao na mapigo ya moyo. Walikuta mchezaji anabadilisha aina ya mwendo kama mara 1000 kwenye mechi moja, yaani karibu kila sekunde 2 anafanya kitu kingine, anatembea, anasogea kiubavu kwenye difensi, anaruka, anachomoka. Zile mbio kali kabisa zilikuwa kama 105 na kila moja kwa wastani haikufika hata sekunde 2. Lakini hapohapo moyo, mpira ukiwa unachezwa, ulikuwa unakaa karibu asilimia 90 ya kiwango chake cha juu kabisa. Sasa kila kambi inachukua kipande chake na kukimbia nacho. Wa mistari wanasema si mnaona, moyo uko juu muda wote, bila pumzi huyo mtu anakata moto robo ya tatu. Wa mpira wanasema mnaona nini, nani kwenye mechi anakimbia nusu dakika mfululizo kwa kunyooka hivyo, kwenye basketi hakuna kitu kama hicho.

Kwangu wote wako sahihi, ndiyo maana ubishi hauishi. Mistari inaupeleka moyo pale pale unapotakiwa, ila miguu na macho haviambulii chochote. Kukimbia na kichwa kimeinama ukitafuta mstari wa kugusa si sawa na kukimbia unaangalia mpira uko wapi, mtu wako kaenda wapi, na skrini, yaani mpinzani anayesimama kukuzibia njia, inakuja upande gani.

Hapo wale wa mpira wanashangilia, ila nao wasubiri kidogo. Nenda uwanja wowote jioni uangalie foleni ya leiapu, ile ya kukimbia na mpira mpaka karibu na ringi na kumalizia. Watu 15, mpira mmoja, kila leiapu na ribaundi (kuudaka mpira ukitoka kwenye ringi) na pasi ya kumrudishia anayefuata inachukua kama sekunde 8. Fanya dakika 10. Sekunde 600 gawa kwa 8 ni leiapu 75, gawa kwa watu 15 ni leiapu 5 kila mtu. Tano! Dakika nyingine zote wamesimama mikono kiunoni wanapiga stori za Simba na Yanga. Hapo hujajenga pumzi wala hujajenga ujuzi, na bado kocha anaondoka anasema leo tumepiga tizi la mpira. Afadhali yule mzee na mistari yake, angalau watu wamekimbia.

Wanaotetea mpira wanapenda kumtaja John Wooden, kocha wa zamani wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, mataji 10 ya vyuo ndani ya miaka 12 kuanzia 1964 mpaka 1975, pumzi ya timu akiitengeneza ndani ya drili zenyewe, yaani mazoezi ya kurudiarudia na mpira, kwa spidi isiyoshuka. Sawa, ila Wooden alikuwa na mipira ya kumwaga, sakafu ya mbao na vijana waliochaguliwa nchi nzima. Huwezi kuchukua mazoezi yake ukayabandika kwenye uwanja wa shule ya kata ukategemea yaleyale.

Ila kuna drili moja naona inavuka hilo pengo na inahitaji mpira mmoja tu, ile ya watu 11. Watatu wanashambulia, wawili wanawasubiri kama difensi, na pembeni usawa wa mstari wa fri throo wamesimama wengine wawili, mmoja kila upande. Shuti likipigwa, liingie likose, yeyote kati ya wale watano atakayeudaka mpira anatoa pasi kwa mmoja wa pembeni na kuchomoka na wale wawili, wanakuwa watatu wapya wanaelekea ringi ya pili ambako kuna difensi wawili na wawili wa pembeni wanasubiri. Waliobaki ni wanne, wawili wanageuka difensi, wawili wanakwenda pembeni. Jumla 11, wa ziada wanapanga foleni nyuma ya wale wa pembeni. Dakika nane za hii kitu bila kusimama, watu wanahema vizuri tu, na humo ndani kuna pasi ya kwanza baada ya ribaundi, kuna wawili kuzuia watatu, kuna kumalizia ukiwa spidi na mtu yuko mgongoni.

Angalia lakini kinachotokea baada ya dakika tatu nne. Anayepata mpira ndiye anayeondoka kushambulia tena, kwahiyo mwenye njaa anakimbia sana na mvivu anabaki palepale, difensi, pembeni, difensi, pembeni, ribaundi ikishuka anaiangalia tu. Hapa hoja ya mzee wa mistari inarudi mlangoni na inabidi ifunguliwe, mazoezi ya mpira peke yake yanawaongezea pumzi wenye nayo na kuwaficha wasio nayo. Kuna makocha wanalazimisha kwamba ukikaa upande mmoja zamu tatu unatoka unapiga urefu wa uwanja kwenda na kurudi ndo unaingia tena. Inasaidia, si sana.

Jambo lingine ambalo wa mpira hawalisemi ni uchovu na ufundi. Kijana ndo kwanza anajifunza kupiga shuti, kiwiko bado kinatoka nje, ukimfundisha akiwa hoi anajifunza shuti la mtu hoi. Kitu kipya kifundishwe mwanzo mwanzo baada ya kupasha, akili ikiwa fresh. Drili ya Mikan kwa mfano, ile ya kusimama chini ya ringi unamalizia kulia unadaka unamalizia kushoto bila kuushusha mpira, kwa anayeanza ifanyike taratibu kwanza, spidi itakuja. (Na warefu wetu jamani waacheni nao wadribo, mtu akifika futi sita na nusu anaambiwa kazi yako ribaundi tu.) Fri throo ni kinyume chake, ile mtu anajua tayari, kwahiyo apige akiwa anahema, uwanja mara mbili halafu mitupo miwili, maana mechini atapiga mapigo yakiwa juu na refa anamhesabia sekunde 5.

Nisipokubali kabisa ni mistari kama adhabu. Mtu kakosa leiapu, timu nzima mistari mitano, kachelewa, mistari kumi, na maji hakuna mpaka mmalize eti mnakomazwa. Hiyo ni hatari hasa kwa joto la Dar au Mombasa, mtoto anaanguka kweli. Halafu kuna magoti. Kila kugeuka kwenye saruji na raba iliyoisha soli, goti ndo linabeba, na kijana akianza kulalamika chini ya kofia ya goti anaambiwa ni mvivu.

Kwahiyo ukiniuliza mimi, timu yenye uwanja jioni mbili kwa wiki, dakika 90 kila jioni, haina dakika 30 za kukimbia mistari. Barabara zipo, fukwe zipo, mchakamchaka wa Jumamosi asubuhi haukodishwi na mtu, pumzi ya msingi itafutwe huko. Ringi ndo hamna nyumbani, kwahiyo ukiwa chini ya ringi shika mpira. Mistari nayo isifutwe, ibaki kipimo, kila baada ya wiki mbili piga minne na dakika moja ya kupumzika katikati, simu yoyote ina saa, andika muda wa kila mtu wa mstari wa kwanza na wa nne. Aliye na spidi ila wa nne umechelewa sekunde tano kuliko wa kwanza, huyo mchakamchaka wa Jumamosi haji. Aliye taratibu yote minne sawa, huyo pumzi anayo, mfanyishe kuruka na kuchomoka mita tano mita tano.

Kwa watoto chini ya miaka 12 hata hicho kipimo sikitaki, watatu kwa watatu nusu uwanja inawatosha, watakimbia wenyewe bila kuambiwa.