Wimbo Ule Una Mwenyewe

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kanisa moja huko Shropshire, Uingereza, baridi inanipanda miguuni, nasikiliza nyimbo sita za George Butterworth. Mwimbaji mmoja, piano moja, basi. Mlangoni kila mtu alipewa karatasi iliyokunjwa yenye mashairi yote, ubeti kwa ubeti, na juu yake majina mawili: Butterworth aliyetia muziki, A. E. Housman aliyetunga maneno. Chini tuliombwa tusifunue ukurasa mpaka wimbo uishe. Na kweli, wimbo ukiisha kanisa zima linafunua kwa pamoja, kisha kimya. Bibi aliyekaa kando yangu alikuwa akifuata mistari kwa kidole.

Machozi yakanitoka. Nilimkumbuka babu.

Babu alitunga nyimbo za taarab pale Tanga. Wimbo wake mmoja hadi leo unapigwa maharusini. Mwaka juzi nilikuwepo, ukapigwa, wanawake wakainuka kwenda kutunza, noti juu juu. Nikamuuliza mshereheshaji, huu wa nani? Akanitajia mwimbaji. Na mtunzi je? Akaniambia, "Dada, wimbo wa zamani huu, hauna mwenyewe."

Hauna mwenyewe! Na daftari lake ninalo, kurasa zimegeuka rangi ya chai, kina kimoja kakifuta mara nne.

Najua mtakavyosema. Kakaa Uingereza miaka tisa, sasa anataka tusikilize taarab kama tuko matangani. Sijasema hivyo. Kutunza ni kwetu na mimi natunza vizuri tu. Tena kwa ushairi hawa hawatuzidi kitu. Kitabu cha Housman kilitoka 1896, mashairi 63, ya kusomwa kimya. Miaka ikapita ndipo wanamuziki wakaja kuyatia sauti, Vaughan Williams 1909, Butterworth 1911. Kwetu mtu akipanga mizani yake kumi na sita tayari anaimba.

Na mafumbo? Wimbo wa mwisho, marehemu anamuuliza rafiki yake kutoka kaburini: farasi wangu bado wanalima? Mpira bado unachezwa? Mchumba wangu ameacha kulia? Mwimbaji anamtoa marehemu kwa sauti nyembamba, karibu inakatika, na rafiki anajibu kwa sauti ya mtu mzima aliyeshiba. Mwishowe rafiki anakiri kwamba anamliwaza mchumba wa mtu aliyekufa, ila usimuulize wa nani. Mpeleke mwanamke yeyote wa Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga, pale, atalifumbua kabla piano haijanyamaza.

Kwa hiyo si kwamba wao wanajua na sisi hatujui. Ndiyo maana inaniuma! Tunacho, halafu tunakitupa jina.

Vaughan Williams alipolitia muziki shairi hilohilo aliziacha beti mbili, zile za mpira. Housman alikasirika, na ugomvi wao unasimuliwa mpaka leo. Aliweza kukasirika kwa sababu kila mtu alijua shairi ni lake. Wimbo wa babu una beti sita daftarini. Harusini zinaimbwa tatu, na ile iliyobeba fumbo ndiyo iliyoachwa. Nani amgombee?

Mwingine ataniambia nyimbo za zamani ni mali ya umma, mtunzi hakutafuta sifa. Wewe ulimuuliza? Butterworth aliuawa vitani Somme, Ufaransa, mwaka 1916, ana miaka 31, mwili wake haukuonekana, lakini jina lake nimelishika mkononi Jumamosi. Babu kaburi lake tunalijua, hatua chache kutoka msikitini, na wimbo wake "hauna mwenyewe".

Agosti binamu yangu anaolewa. Nimeshapiga chapa karatasi mia mbili, beti zote sita, jina la babu juu. Shangazi kanicheka kwenye simu, anasema zitaishia kufungiwa karanga. Zifungiwe. Atakayemaliza karanga zake ataisoma.