Uskoti unyoya una mwenyewe, kwetu ni wa aliyewahi

Ndugu zangu wa Bongo mnaopenda kusema Wazungu hawana mila, njooni huku Uskoti muone watu wazima wanavyohesabiana manyoya kichwani. Kwa hawa jamaa unyoya wa tai kwenye kofia ni cheo. Mkuu wa ukoo anavaa matatu, viongozi wa matawi ya ukoo wanavaa mawili, na mtu mwenye nembo yake binafsi iliyosajiliwa anavaa mmoja. Waliobaki wote, hata uwe MacDonald tangu enzi za babu wa babu, unavaa beji yenye alama ya mkuu wako iliyozungushiwa mkanda, maana yake wewe ni mtu wake, basi. Unyoya huna.

Mwezi wa tisa nilienda kwenye michezo yao ya Braemar, kuna kijana alikuwa kachomeka mawili marefu kwenye glengarry, ile kofia yao ya kukunjwa yenye riboni nyuma, kapendeza kwelikweli, sasa mzee mmoja aliyekaa jirani yangu akamtazama kichwani, akatazama beji, akamuuliza kwa upole kabisa samahani, wewe unaongoza tawi gani la ukoo? Kijana uso ukamwiva. Baadaye nikamuona anapanga foleni ya chakula, kofia ileile, manyoya hayapo. Hakuna polisi wala faini wala aliyepaza sauti. Mpirani ni kesi nyingine, mashabiki wa timu ya taifa wanachomeka unyoya mrefu kama antena na hamna anayewauliza. Na zile kofia kubwa nyeusi za wapiga bagpipe, zile zumari zao za mfuko, wengi wanadhani ni dubu, kumbe ni manyoya ya mbuni, ndege wa Afrika huyo.

Wana mpaka mahakama Edinburgh, ya Lord Lyon, kazi yake nembo, na daftari la nembo linatokana na sheria ya 1672. Ukitumia nembo ya mwenzio bila ruhusa unashtakiwa kweli.

Sasa kwetu. 1963 serikali ilifuta uchifu kisheria na sababu tunazijua, machifu wengi mkoloni aliwatumia kukusanya kodi, halafu nchi ilikuwa inatafuta kuwa moja. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba tulifuta cheo tukabakiza kofia. Msimu wa kampeni mgombea anaingia kijijini asubuhi anavikwa ngozi, anapewa mkuki, ngao na kigoda, kichwani manyoya, mchana yuko wilaya ya pili anavikwa ya kabila lingine, mpaka wiki inaisha ni mzee wa kimila wa makabila matano na hajui kuamkia kwa lugha hata moja. Kilemba cha ukoka kabisa. Simsemi Rais Samia ambaye machifu walimsimika kule Mwanza 2021 wakamwita Chifu Hangaya, yule ni mkuu wa nchi na jambo lilifanywa hadharani na machifu wenyewe. Nawasema hawa wagombea wanaosimikwa kwa bahasha. Kwa Wamasai singa za simba kichwani zilimaanisha huyu kaua simba, leo nenda baadhi ya mahoteli uone mtalii anavyovalishwa manyoya apige picha.

Msinielewe vibaya, Waskoti nao sio malaika. Baada ya vita vya Culloden, 1746, ambako waasi wengi wao wa Highland, ile milima ya kaskazini, walishindwa, serikali ya London iliwapiga marufuku wanaume kuvaa mavazi ya huko, wakaruhusiwa tena 1782, halafu 1822 Mfalme George IV akaja Edinburgh amevaa kilti, ile sketi yao ya kiume, na mabwana wakubwa nao wakazikimbilia, kwa hiyo mengi wanayoyaita ya kale yalichongwa upya juzi juzi tu. Na ule unyoya mmoja pesa inahusika, unaomba nembo kwa Lord Lyon unalipa ada ya maelfu ya pauni, hata mimi Mgogo ninayeishi hapa naweza kuomba.

Lakini hata huyo aliyelipia jina lake linaingia daftarini, ukiwa na mashaka naye kuna pa kwenda kuangalia. Kwetu ukiuliza nani kampa mheshimiwa ule mkuki, unaambiwa wazee. Wazee gani? Waliokuwepo siku hiyo.