Kabla ya kusema "ni ya ukoo"

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mdogo kupima presha kwenye zahanati moja hapa Mufindi. Mashine ilisoma 170 kwa 100.

"Kwenu kuna mwenye presha?" muuguzi akauliza.

"Marehemu baba alikuwa nayo."

"Basi ni ya ukoo hiyo, mama." Akaandika, akafunga daftari.

Lile daftari limeniuma. Mama yangu na mama mdogo ni tumbo moja. Walipofiwa na wazazi, mama alibaki kwa bibi akasoma. Mama mdogo alipandishwa basi la Dar es Salaam akiwa na miaka 11, kwenda kufanya kazi za ndani, kama mabinti wengi wa Iringa. Alilala sakafuni jikoni, akaamka saa kumi alfajiri. Mpaka leo geti likigongwa usiku, moyo unamwenda mbio. Presha ya mama yangu iko sawa.

Ndugu wawili si ushahidi, najua. Hata wa tumbo moja hawarithi jeni zilezile zote. Lakini kuna utafiti wa Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walizuia chakula, watu wakafa njaa. Mwaka 2008 watafiti waliwapima watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa ile, wakawalinganisha na ndugu zao wa damu ambao haikuwakuta tumboni. Miaka sitini baadaye, alama za kikemia kwenye jeni iitwayo IGF2, inayohusika na ukuaji, zilikuwa pungufu kwa wale wa njaa. Jeni yenyewe ni ileile. Kilichotofautiana ni alama zilizo juu yake, zinazosaidia kuamua ifanye kazi kiasi gani.

Sasa tazameni kwetu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu watoto 57 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na huu ni mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi. Mama mjamzito analima hadi uchungu unamkuta shambani. Mwanawe akija kuugua kisukari ukubwani, tutamtaja babu yake tena?

Damu ya ukoo ipo, siikatai. Ila naomba muuguzi aongeze swali moja tu: "Ulikulia wapi, mama, na kwa nani?" Mama mdogo angehitaji kiti, na nusu saa.