Bahari Hamjaifunga, Mmefunga Njia

Wamejenga. Ile njia ya mchanga tuliyokuwa tukipita kati ya viwanja viwili kwenda ufukweni, upana wake mkokoteni unapita na mtu wa kuusukuma, sasa ina ukuta wa tofali. Plasta bado mbichi, na juu wamepanda vipande vya chupa kama mahindi ya masika. Katikati kuna geti dogo jeusi lenye kibao: NJIA IMEFUNGWA. MBWA MKALI. Mbwa mwenyewe hajabweka hata mara moja tangu kibao kibandikwe. Nadhani naye amezuiwa kuingia.

Mtaa sitautaja. Mnaokaa huku kati ya Kawe na Ununio mtajua wenyewe, na wa kwingine mna mageti yenu.

Tusidanganyane, ukuta Dar es Salaam si habari. Kilichoniuma ni mama mmoja muuza samaki ambaye wengi tunamnunulia vibua vya kukaanga jioni. Alikuja alfajiri na beseni lake tupu na kanga mabegani, akasimama mbele ya geti, akalisukuma kidogo kwa kiganja, kisha akageuka bila neno. Ili afike ngalawa zinapotia nanga, sasa lazima arudi mpaka barabara ya lami, azunguke viwanja vyote vile, akashukie njia ya mbali. Anayejua mnada wa samaki ufukweni anaelewa hesabu yake. Ngalawa haimsubiri mtu. Wenye pikipiki na maboksi ya barafu wanachukua changu na tasi, wanaofuata wanachukua vibua vikubwa, na anayefika wa mwisho akiwa anahema anaokota vya kuchambua kwa bei ile ile. Huo mzunguko ndio faida yake ya siku. Kuna mtu amemnyang'anya pesa ya mboga bila hata kumgusa.

Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Lile kundi ambalo gari la taka lisipopita watu wanapiga kelele siku tatu, na paka wa mtu akipotea tunatumiwa picha zake za pembe zote. Kwa hili la njia, kimya. Baadaye jirani mmoja akajibu: "Wanaolalamika ni wapangaji." Mwingine akaweka dole gumba. Mjadala ukaishia hapo, tukarudi kwenye mchango wa ulinzi shirikishi.

Haya, tuanze na wenye nyumba basi, maana wapangaji hatuna masikio ya kusikilizwa.

Ndugu mwenye nyumba, ardhi ya nchi hii ni mali ya umma, Rais ni mdhamini. Ndivyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyosema. Hati yako ni ya miaka 33, au 66, au ukiwa na bahati 99. Kwa maneno mengine, wewe nawe ni mpangaji, umepewa tu mkataba mrefu. Halafu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Nenda kapime kutoka kwenye bembea yako ya bustanini mpaka maji ya bamvua yanapofika, uniambie umepata ngapi. Mimi siwezi kupima, nimefungiwa geti.

Kila ukileta hoja hii utajibiwa kwamba bahari ni ya wote, hakuna aliyeifunga. Jibu hilo limenichosha kuliko ukuta wenyewe. Kweli, mchanga ni wa umma. Ukishaukanyaga hakuna wa kukufukuza, labda mlinzi wa hoteli mwenye filimbi na hasira zake. Lakini unaukanyagaje? Kwa kushuka na mwavuli kutoka angani? Haki ya kukaa ufukweni bila njia ya kuufikia ni ya samaki na wavuvi tu.

Itazame Coco Beach. Watu wanaisifu kuwa ufukwe wa wananchi, mihogo, pilipili, watoto wanakimbia, vijana wanapiga picha na gari lisilo lao. Kwa nini pale pamebaki wazi, tena Oysterbay, mtaa wa wenye nacho? Si kwa sababu matajiri wa Oysterbay wana moyo mweupe kuliko wa huku. Ni kwa sababu waliochora ule mtaa walipitisha barabara katikati ya nyumba na bahari. Barabara ya Toure inapita, nyumba ziko upande huu, mchanga upande ule. Nyumba haiwezi kuruka lami. Nenda mjini kwenye Barabara ya Barack Obama, ile tuliyokuwa tukiiita Ocean Road kabla ya mgeni kuja mwaka 2013, ni mchezo ule ule. Lami iko kati, bahari iko wazi, mtu anatoka hospitalini kumwona mgonjwa, anavuka, anakaa, anatazama meli.

Huku kwetu viwanja vilichorwa mgongo ukiwa baharini. Kati ya kiwanja na kiwanja paliachwa vinjia, na vinjia ndivyo barabara yetu ya Toure, hatuna nyingine. Kwa hiyo anayeziba kinjia kimoja hajaongeza bustani yake mita chache. Ameutoa mtaa mzima pwani na kuusogeza kilomita kadhaa bara, huku sisi tukiendelea kulipa kodi ya nyumba yenye neno "Beach" ndani yake.

Shingo upande nakubali jambo moja. Vibaka walikuwa wakiitumia ile njia. Simu zimeporwa pale, hasa giza likiingia, na mwenye ukuta ana familia ya kuilinda. Sawa. Lakini kama dawa ya kibaka ni kuziba njia, Kariakoo ingekuwa imeshazungushiwa ukuta tangu enzi za Mwalimu. Weka taa. Ulinzi shirikishi tunauchangia wa nini, wa kulinda geti?

Na la usafi pia nalijua, msiniletee. Sehemu iliyo mbele ya hoteli inafagiwa, ya kwetu ina chupa za maji na pampasi. Aibu ni yetu.

Halafu kuna hizi kuta za kuzuia mawimbi ambazo kila mtu anajijengea kivyake. Mchanga wa ufukwe wa huku uliletwa na mito, Mto Mbezi, Mto Tegeta na wenzao, na huko juu tumeuchimba kwa malori tukajengea hizi hizi nyumba. Ufukwe unakosa chakula, bahari inasogea, mwenye uwezo anamwaga zege na mawe. Wimbi likigonga zege halifi, linarudi na mchanga wa chini ya ukuta na kwenda kumla jirani asiye na zege. Wazee wa Kunduchi watakuonyesha kwa kidole baharini mahali walipokuwa wakikaa. Hilo lina makala yake, nitaliandika nikiwa nimepoa.

Mwenyekiti wa mtaa nilimfuata. Mtu mpole, alinikaribisha kiti, akaniambia suala "linafanyiwa kazi", akanigongea muhuri kwenye barua ambayo hata sikuomba. Novemba 2024, wakati wa kampeni za serikali za mitaa, tuliahidiwa mitaro, taa na maji. Kuhusu njia hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna aliyefikiri njia inaweza kuibwa. Unaibaje njia? Unaibeba wapi?

Ninachotaka ni kidogo sana. Ramani ya upimaji ya eneo letu ipo manispaa, na pale penye ukuta ama pameandikwa namba ya kiwanja ama pameachwa wazi. Ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa, kila mtu aione, wapangaji kwa wenye nyumba. Kama kweli njia ile ilikuwa ndani ya kiwanja chake, nitamwomba radhi hapa hapa kwa herufi kubwa. Kama paliachwa wazi, nyundo zipo na vijana wa kazi wapo, gharama alipe aliyejenga.

Na wewe uliyenitumia ujumbe wa faragha kwamba nikitaka bahari nikanunue kiwanja cha mbele: asante kwa ushauri. Nimeuliza bei. Kwa mshahara wangu, hati ya miaka 99 itaisha kabla sijamaliza kulipia ukuta. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa ofisi ya mtaa kuiulizia hiyo ramani, na ningependa nisiwe peke yangu. Yule mama wa vibua amesema atakuja, akishamaliza kuzunguka.