Bundi wa Pate si Jibu la Mtihani

Zipo orodha zinazozunguka kwenye simu za wanafunzi: bundi ni kifo, popo ni giza, utando ni usahaulifu. Mtu anazikariri, anaingia nazo kwenye Al-Inkishafi, shairi la kale la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir linaloomboleza kuanguka kwa mji wa Pate, anatoka hajaona kitu. Inaniuma sana, maana ishara za shairi lile zimejengwa kwa mawe na chokaa.

Tazama:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani

Kabla ya kuuliza kinaashiria nini, uliza kidaka ni kitu gani. Ni kishubaka cha ukutani katika nyumba za mawe za Pate na Lamu, na tajiri alipanga humo vyombo vya kaure kutoka Uchina ili mgeni avione. Sasa palepale pa sahani wamelala makinda ya ndege. Ishara iko katika huko kupokonyana nafasi. Makinda yangelala mtini, uchungu usingekuwapo. Na bundi halii. Anakoroma, kama mwenye nyumba aliyejilalia chumbani mwake! Kitenzi kimoja kimemmilikisha jumba, na orodha ya "bundi ni kifo" imekiruka.

Mchezo wa maneno nao unapotea kwa haraka hiyohiyo. Katika ubeti mwingine kuna mshororo huu: "zitanda matandu walitandiye". Msomaji wa Kiswahili sanifu huona "zitanda" akadhani ni kitenzi. Rudi kwenye "zisahani" hapo juu: Kiamu, lahaja ya Lamu, husema zi- pale tunaposema vi-. Basi ni vitanda, vimetandwa na utando. Kitanda, matandu, kutanda: kitanda kilichokuwa kikitandikwa shuka sasa kinatandwa na buibui, na sikio linasikia sauti ileile mara tatu.

Kwa hiyo soma kwa sauti, mara mbili. Hesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo: hapa ni 11, pumzi ikikatwa baada ya mizani ya 6. Geuza lahaja neno kwa neno: nyuni ni ndege, bumu ni bundi, walaliye ni wamelala. Ndipo utafute sauti inayojirudia. Ishara iwe ya mwisho. Kumbuka pia kwamba tungo hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo mara nyingi hazikutenganisha o na u. Matoleo yakitofautiana, linganisha kabla ya kujenga hoja juu ya herufi moja.

Orodha zina faida yake usiku wa kuamkia mtihani, sawa. Kwa Shaaban Robert zinaweza hata kutosha kuanzia, kwani katika Kusadikika mshitaki anaitwa Majivuno na mshitakiwa Karama. Lakini ukifika kwa Muyaka, malenga wa Mombasa, na shairi lake la kimya chenye mshindo, bila kujua uhasama wa Mombasa na Sayyid Said, mtawala wa Omani, hakuna orodha itakayokwambia nani ananyamaza, na anamnyamazia nani.