Kuchanganya Dawa Mbili za Mchwa Si Lazima Kuwe Uvumbuzi

Mtu akichukua dawa mbili zinazojulikana kuua mchwa, akazichanganya na kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, swali la kwanza ni kama jambo hilo halikuwa dhahiri kwa mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo. Nchini Marekani, uamuzi wa mahakama katika kesi ya Kerkhoven wa mwaka 1980 ulishikilia kwamba kuunganisha vitu viwili vya kusudi moja, ili kupata cha tatu chenye kusudi lilelile, ni jambo dhahiri mpaka mwombaji athibitishe vinginevyo. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki.

Hata hivyo, mchwa wana mambo yao. Dawa iitwayo fipronili haiwafukuzi: mchwa hupita katika udongo wenye dawa bila kuitambua, kisha wakawaambukiza wenzao sumu hiyo kwa kugusana na kulambana. Bifenthrini, dawa nyingine ya mchwa, kinyume chake, huwafukuza. Basi mwombaji akisema kwamba mtaalamu angesita kuweka kinachofukuza mchwa pamoja na sumu inayohitaji mchwa waingie, hoja yake ni nzito, wala haifai kupitwa juu juu. Lakini nguvu ya kufukuza hutegemea wingi wa dawa udongoni, na kwa hiyo anayedai hataza ya viwango vyote vya dawa kwa pamoja amejidhoofishia hoja hiyo mwenyewe.

Ninapotofautiana zaidi na waombaji ni pale wanapodai kwamba dawa zao hutiana nguvu. Kanuni ya Colby ya mwaka 1967, ambayo hutumiwa sana katika madai haya, ni rahisi: dawa moja ikiua mchwa 40 kati ya 100, na nyingine ikiua 50, tunatarajia mchanganyiko uue 70, si 90, kwa sababu baadhi yao wangekufa kwa dawa yoyote kati ya hizo. Ukiua 72, sioni uvumbuzi. Ukiua 95, nitashangaa kwa dhati, ila mshangao wangu utaishia kwenye uwiano wa dawa hizo mbili uliopimwa, na hataza nayo iishie hapohapo au karibu yake.

Tena ningetaka kujua mchwa walihesabiwa lini. Bifenthrini huua haraka ilhali fipronili hukawia, na hesabu ya siku ya kwanza inaweza kuonyesha ajabu ambayo ya siku ya saba haionyeshi kabisa.