Barua za babu zimo kashani, na bibi ndiye ufunguo

Kila ikikaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, macho yangu huenda kwenye kasha la bibi. Ni kasha la njumu, lenye kanga za zamani na karafuu kavu alizozitia kufukuza wadudu. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, mna barua 11 alizoandika babu akiwa Vita vya Kagera.

Babu alikuwa askari wa JWTZ. Siku aliyoondoka Wete hakumwambia bibi anakwenda wapi, kwa kuwa na yeye hakuambiwa. Bibi alipata habari redioni, Mwalimu Nyerere alipotangaza Novemba 2, 1978 kuwa uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunazo na nia tunayo. Wengi wanayajua maneno hayo kwa moyo. Bibi anachokumbuka ni kuwa alikuwa jamvini akichambua karafuu, na mikono ikamfa ganzi.

Barua zenyewe ni za Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Bibi hakutiwa skuli, alisoma chuoni tu, yaani madrasa ya Kurani, na babu alitaka mkewe azisome mwenyewe bila kumpelekea jirani. Nami nimekhitimu Msahafu tangu mdogo, nikadhani ni kazi nyepesi. Nilikwama mstari wa pili. Babu hakutia irabu hata moja, na kwa mwandiko wa kizamani sauti ya "n" mbele ya "d" haiandikwi. Nikaona dali, zei na yei, nikasoma "dozi". Roho ikanipasuka, nikajua babu aliugua huko.

"Si dozi, mume wangu, ni ndizi!" bibi akaniambia. "Anasema wanakula ndizi za kupikwa kila siku, hata ameshasahau ladha ya muhogo wa nazi."

Hapo ndipo nilipofahamu. Watu hunishauri nizipige picha kwa simu niziweke, basi. Picha nimepiga, lakini picha bila sauti ya bibi ni nusu ya barua. Neno lile lile husomeka njia tatu, na anayejua babu alikusudia ipi ni yule aliyeandikiwa. Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya alasiri hukaa naye ukumbini, simu inarekodi, yeye anasoma, mimi naandika.

Yamo mengi ambayo babu hakuyasema kwa mdomo mpaka anakufa. Daraja la Kyaka walilolikuta limevunjwa. Tope, baridi ya usiku ambayo Mpemba haijui, na kutembea kwa miguu siku baada ya siku kuingia Uganda. Katika barua ya saba anamtaja kwa jina mtu wa Makunduchi waliyekuwa wakigawana blanketi. Ya nane inasema blanketi sasa ni lake peke yake. Hakuongeza neno.

Huyo wa Makunduchi ana watu wake. Pengine wanajua tu kuwa kijana wao hakurudi, na huku Pemba, ndani ya kasha, iko karatasi inayosema alilala wapi na nani usiku wake wa mwisho mwisho. Nimeshaanza kuulizia, na nitakwenda mwenyewe.

Wapo wanaoniambia nimwache bibi apumzike, ya vita yamepita. Siafiki. Waliopelekwa na Waingereza Bama (Burma) katika Vita vya Pili vya Dunia tumeshawakosa karibu wote, na hatukuwauliza. Hawa wa Kagera wapo, na wake zao wapo, na wao hawaulizwi kabisa. Mashujaa waliozikwa Kaboya, Muleba, wanawekewa mashada, na ni haki yao. Lakini aliyekaa na barua miaka yote hii naye anastahili mtu wa kumkalia kitako akamsikiliza. Na vyuo vyetu, vinavyofundisha watoto herufi hizi kila jioni, vingeongeza saa moja tu ya kusomea Kiswahili kwa herufi hizo hizo, wajukuu wasingekwama kama nilivyokwama.

Jumamosi hii ni zamu ya barua ya tisa. Bibi ameshaniambia niitayarishe simu vizuri, kwa sababu hiyo ataisoma mara moja tu.